Mjumbe Hutumwa kwa Kazi: Mwongozo wa Kuwashirikisha Wanafunzi Kuzuia Malaria

Mwaka 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, Tanzania ilianza kugawa vyandarua kupitia kwa wanafunzi. Awamu ya kwanza ilikuwa zamu ya darasa la kwanza, la tatu, la tano na la saba, pamoja na kidato cha pili na cha nne. Siku ya mgao mtoto alitoka shule na chandarua kipya kwapani, akakifikisha nyumbani, na wakubwa wakaamua kitundikwe kitanda kipi. Baadaye mpango ukapanuliwa hadi mikoa mingine. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: karibu kila kijiji kina shule, na nyumba isiyo na mwanafunzi haikosi jirani aliye naye.

Mtoto anayeaminiwa kufikisha chandarua anaweza kuaminiwa pia kufikisha elimu ya kukitumia. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Ikifika tarehe 25 Aprili, Siku ya Malaria Duniani, wanafunzi huvishwa fulana, huimba, huandamana na mabango, kisha hurudi darasani. Usiku wake baadhi yao wanalala kwenye mkeka sebuleni, wazi, mbu wakijihudumia. Mjumbe aliyetumwa na wimbo peke yake hana cha kuonyesha afikapo. Makala hii ni kwa mwalimu, mzazi na mhudumu wa afya anayetaka kumtuma mtoto kwa kazi: kuhesabu, kukagua, kuuliza na kuonyesha.

Kwa nini mwanafunzi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani. Zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa wa bara la Afrika, na nchi nne tu, yaani Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania, zilibeba zaidi ya nusu ya vifo vyote. Wengi wa marehemu hao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ndiyo maana watoto wadogo na akina mama wajawazito hutangulizwa katika kugawiwa vyandarua, na ndivyo inavyopasa.

Mtoto wa shule huonekana kama amekwisha kuvuka. Kweli, hatari ya kufa imempungua, lakini ugonjwa haujamwacha. Akiwa ameumwa na mbu miaka mingi, mwili wake umejifunza kupambana kiasi, hata vimelea vinaweza kukaa katika damu yake bila kumpandisha homa. Anacheza mpira, anakwenda shule, huku damu inampungua polepole na darasani anasinzia. Mbu anayemuuma usiku anaondoka na vimelea hivyo, na baada ya siku kumi hivi au zaidi anaweza kumwambukiza mdogo wake mchanga aliyelala chumba cha pili. Utafiti uliofanywa mwaka 2014 na 2015 katika shule za msingi za Tanzania Bara ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na vimelea vya malaria.

Nyumbani, mtoto huyohuyo ndiye wa mwisho kukumbukwa kwa chandarua. Cha kwanza ni cha baba na mama pamoja na mchanga wao. Cha pili kikipatikana, ni cha bibi. Wa darasa la tano anatandikiwa penye nafasi. Kumfanya yeye mjumbe wa malaria ni kumpa sauti mtu ambaye jambo lenyewe linamhusu usiku kucha.

Usahihishe ujumbe kabla ya kuutuma

Ujumbe wenye kosa ukibebwa na watoto mia tatu, hilo kosa litafika nyumba mia tatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuyachuja anayokwenda kufundisha. Haya ndiyo yanayopotoshwa mara nyingi.

*Maembe, mvua na jua.* Wako wanaoamini kwamba malaria huletwa na kula maembe mabichi, kunyeshewa au kushinda juani. Imani hii haikutoka hewani: maembe na mvua huja pamoja, na mvua huleta madimbwi ya mbu. Watu waliona homa ikifuatana na maembe wakadhani moja limezaa lingine. Mweleze mtoto hivyo, bila kuwacheka wazee wake. Malaria huambukizwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi. Daktari Ronald Ross ndiye aliyeviona vimelea ndani ya mbu huyo huko India tarehe 20 Agosti 1897, na tarehe hiyo mpaka leo huadhimishwa kama Siku ya Mbu Duniani.

*Majani na makopo.* Bango la shuleni huonyesha watu wakifyeka majani na kukusanya makopo. Usafi ni jambo jema, lakini mbu hazaliwi majanini, huzaliwa majini. Na kila mbu ana maji yake. Mbu wa malaria katika sehemu zetu hupenda maji yaliyotulia yasiyo machafu sana, mara nyingi yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe, majaruba ya mpunga, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, kingo za mito na mabwawa. Mbu wa makaro na vyoo vya shimo, anayetukera kwa kelele masikioni, ni Kuleksi; yeye hueneza matende. Anayezaliwa kwenye makopo, matairi na vifuu vya nazi ni Edesi, mbu wa mchana aenezaye dengi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Basi kumwaga maji ya makopo kuna faida yake, lakini kijiji kinachookota makopo na kuyaacha mashimo ya matofali kimefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Tena kuna mgeni wa kuangaliwa: Anofelesi stefensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia anayeweza kuzaliana kwenye matangi ya maji mijini, amekwisha kuonekana kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo tangi na pipa vifunikwe popote vilipo.

*Degedege.* Katika sehemu nyingi za pwani na bara, mtoto akikakamaa na kugeuza macho husemwa kuwa amepatwa na degedege la shetani au la ndege wa usiku, na kwamba akipigwa sindano atakufa. Mama hupoteza saa za thamani akitafuta mganga. Degedege kwa mtoto mwenye homa huweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na dawa yake iko hospitali. Hili ni moja ya mambo machache ambayo mtoto wa shule anapaswa kuyajua kwa moyo, kwa sababu huenda siku hiyo ndiye pekee aliyebaki na mdogo wake.

*Kila homa ni malaria.* La. Homa ina mama wengi. Anayejulisha ni kipimo: tone la damu kidoleni, na jibu ndani ya dakika kama 20. Ikithibitika, dawa ya mstari wa mbele Tanzania Bara tangu mwaka 2006 ni dawa mseto, inayomezwa kwa siku tatu: dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki havihifadhiwi kwa ajili ya mtoto mwingine. Vinamalizwa.

Somo la bakuli jeupe

Mtoto huamini alichokiona. Kabla ya kumtuma nyumbani, mwalimu wa sayansi aende na darasa penye dimbwi dogo la karibu, lisilo na kina, akiwa na bakuli jeupe au upawa mweupe. Achote maji ya pembeni taratibu, awaonyeshe. Viluwiluwi vya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vinavyoelea. Vya Kuleksi na Edesi huning'inia kichwa chini, vikipumulia kwa mrija mkiani. Darasa likikosa viluwiluwi leo, litarudi baada ya mvua.

Mbu mzima naye anajulikana kwa mkao. Anofelesi akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma, kama anayechimba kwa kichwa; Kuleksi hulaza mwili sambamba na ukuta. Mtoto aliyekwisha kuyaona haya kwa macho yake hahitaji kukariri. Akifika nyumbani atamwonyesha babu yake ukutani, na babu naye atatazama.

Hapo pia ndipo hesabu inapoingia. Katika joto letu, yai la mbu hufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku kama 7 hadi 14. Waulize watoto: tukitaka kuwakatisha kabla hawajaota mabawa, tuzungukie madimbwi kila baada ya muda gani? Watajibu wenyewe: kila wiki. Ratiba ya klabu imepatikana, na haijatoka kwenye waraka.

Kazi nne za kupeleka nyumbani

Mpe mtoto kazi moja kila wiki. Nne kwa mpigo humchosha yeye na kuwaudhi wakubwa.

1. Hesabu ya malazi. Mtoto ahesabu watu wanaolala nyumbani, sehemu zote za kulala ikiwamo mikeka, na vyandarua vilivyotundikwa. Kipimo kinachotumika ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Nyumba ya watu saba inahitaji vinne. Chandarua kilicho kabatini kikingoja wageni kihesabiwe peke yake, kwa kuwa hakijamkinga mtu. Anayelala sebuleni naye ana haki ya chandarua: misumari minne ukutani, kamba nne, pindo likafukiwa chini ya mkeka; asubuhi kinafungwa fundo juu na sebule inarudi kuwa sebule.

2. Ukaguzi wa chandarua. Kitundikwe mchana, mtoto akitazame akiwa ndani, nuru ikipita. Matundu yapimwe kwa vipimo ambavyo kila mtu anavyo: linalopitisha kidole gumba, linalopitisha ngumi, linalopitisha kichwa. Yashonwe kwa sindano na uzi siku hiyohiyo. Chandarua kipya huanikwa kivulini siku moja kabla ya kutumika. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha, kisha huanikwa kivulini, maana jua kali hudhoofisha dawa yake. Mara moja kila miezi mitatu inatosha. Maji ya kufulia yasimwagwe mtoni wala bwawani, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki.

3. Mzunguko wa maji. Kila wiki, siku moja, mtoto na mkubwa mmoja wazunguke kiwanja. Dimbwi linaloweza kufukiwa lifukiwe, mfereji ulioziba uzibuliwe, pipa lifunikwe, kifuu kipinduliwe. Lisilowezekana, kama shimo kubwa la matofali, liandikwe kwenye ramani ya darasa ili lifikishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji.

4. Maswali ya homa. Mtoto amwulize mzazi: Zahanati yetu iko wapi, na usiku tunafikaje? Tutamwita jirani gani mwenye usafiri? Dalili gani haingoji asubuhi? Majibu ya swali la mwisho yaandikwe na kubandikwa ukutani: degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, mkojo kuwa mweusi kama kahawa. Mtoto akiwa na mojawapo, safari ni ya sasa hivi.

Adabu ya kufikisha

Katika nyumba zetu mtoto hamfundishi baba yake. Akiingia na kusema, "Baba, chandarua chako kimetoboka na mwalimu amesema ni uzembe," ujumbe umekufa mlangoni, na mjumbe akiponea chupuchupu. Elimu hii inahitaji njia inayoheshimu mpangilio huo, na njia ipo: mtoto apewe daftari na swali, mzazi awe ndiye mjibuji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu ametuagiza tuhesabu vyandarua. Naomba unisaidie, maana vya chumbani kwenu siwezi kuingia kuvihesabu."

Mama sasa ndiye mwenye kazi. Ataingia chumbani, atahesabu, na macho yake mwenyewe yatakutana na tundu la ngumi. Hakuna aliyemwambia kitu. Mwalimu naye awatangulie watoto kwa kupeleka habari katika mkutano wa wazazi, ili siku daftari linapofika nyumbani lisidhaniwe kuwa ni upelelezi wa serikali. Mahali penye msikiti au kanisa, imamu na padri au mchungaji waombwe kulitaja jambo hili.

Uvumi nao uheshimiwe kwa kujibiwa. Bibi akisema chandarua cheupe kinamkumbusha sanda, mtoto asibishane. Aombe kukitundika chake kwanza. Baba akisema dawa ya chandarua inapunguza nguvu za kiume, hilo si la mtoto kabisa. Aliandike daftarini kama "baba ana swali kuhusu dawa," na mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakuja kulijibu, mtu mzima kwa mtu mzima.

Kutoka nyumbani hadi kijijini

Zipo nyakati ambazo chandarua cha nyumbani hakifiki. Katika bonde la Kilombero, familia huhamia mashambani msimu wa mpunga na kulala kwenye vibanda na madungu kando ya majaruba, yaani mlangoni kwa mbu. Kwenye msiba, waombolezaji hulala nje chini ya turubai. Kwenye ngoma, jando na mikesha ya harusi, watoto hukesha uwanjani, na mbu wa malaria huuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Wanafunzi waitengeneze kalenda ya kijiji ya usiku wa hatari: mwezi gani watu huenda shamba, mwezi gani kuna ngoma, masika huanza lini. Kalenda hiyo ikibandikwa ofisi ya mtendaji inamkumbusha kila mtu jambo moja jepesi: chandarua kifungashwe pamoja na jembe na sufuria.

Kwa kuufikishia umma ujumbe, tunayo sanaa inayofaa kuliko hotuba. Ngonjera ilipewa nguvu na mshairi Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha, kwa ajili ya kueleza siasa ya Ujamaa. Umbo lake ni la watu wawili wanaobishana kwa mashairi, mmoja hajui au anakataa, mwingine anajibu, na mwisho wanaafikiana. Anayekataa husema yaleyale ambayo wasikilizaji wanayawaza kimyakimya: chandarua kina joto, degedege ni la mganga, mbona mimi nimekua bila hayo? Akijibiwa yeye, wamejibiwa wote bila mtu kutajwa. Watoto wenyewe watunge, kwa mambo ya kijiji chao, na waiigize mkutano wa kijiji unapokaa. Mwishoni wamkabidhi mwenyekiti ile ramani ya mashimo. Ngonjera bila ramani huishia kwenye makofi.

Mwenyekiti aliyepokea ramani mbele ya watu ana la kufanya. Mashimo ya matofali yanaweza kufukiwa kwa siku moja ya msaragambo. Madimbwi makubwa yasiyofukika huripotiwa halmashauri, ili yanyunyiziwe dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi. Dawa ya aina hiyo hutengenezwa hapahapa nchini, Kibaha mkoani Pwani.

Mipaka ya mjumbe

Mtoto ni mjumbe. Asigeuzwe kibarua wala daktari. Mwalimu azishike kanuni hizi bila kulegeza:

- Watoto wasishike dawa za kuua wadudu wala kunyunyizia madimbwi.
- Wasiingie kwenye maji wasiyoyajua kina. Penye kichocho au mamba, somo la bakuli lifanywe na mwalimu peke yake, watoto wakiwa nchi kavu.
- Wasizungukie nyumba za watu usiku, wala mmojammoja.
- Wasigawe dawa, hata kwa ndugu zao. Kazi yao inaishia kwenye neno "twende tukapime."
- Majina ya nyumba zisizo na vyandarua yasisomwe darasani. Umaskini wa mtu si mfano wa ubaoni.
- Mambo ya ujauzito yaachwe kwa wakubwa. Mjamzito hupata chandarua katika hudhurio la kwanza la kliniki, na miezi mitatu ya kwanza ikishapita hupewa dawa ya kumkinga, dozi tatu au zaidi, zikiachana mwezi mmoja au zaidi. Habari hiyo iende nyumbani kwenye karatasi iliyofungwa, kutoka kwa muuguzi.

Chanjo nayo ielezwe kama ilivyo. Kenya ilianza kuchanja watoto wadogo Septemba 2019 katika kaunti za magharibi karibu na Ziwa Victoria, na sasa zipo chanjo mbili zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Zinapunguza malaria kali kwa mtoto mdogo. Haziondoi haja ya chandarua, na hazikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la tano.

Utajuaje kwamba kazi inazaa?

Kuna kipimo kisichohitaji fedha. Weka kopo moja la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, punje za mahindi na za maharage. Kila Ijumaa asubuhi kila mwanafunzi atumbukize punje moja, bila kuonwa: haragwe kama usiku wa jana amelala ndani ya chandarua, hindi kama hakulala. Mwalimu anahesabu, anaandika kwenye chati ukutani. Tuseme darasa lina watoto 50 na wiki ya kwanza zimetoka punje za maharage 19. Baada ya hesabu ya malazi zikawa 26, baada ya kushona matundu 31. Watoto wataona mstari ukipanda na watauliza wenyewe: hao 19 waliobaki wanakwama wapi?

Swali hilo ndilo mali. Wakijibu kwamba vyandarua havitoshi, mwalimu mkuu anayo takwimu ya kumpelekea mganga mkuu wa wilaya, na takwimu husikilizwa kuliko malalamiko. Wakijibu kwamba vipo lakini kuna joto, somo linalofuata ni madirisha na wavu wake. Wakijibu kwamba vimegeuzwa nyavu za dagaa au uzio wa bustani ya mchicha, ni mazungumzo ya kijiji kizima, maana mtu huvulia chandarua pale anapoona njaa iko karibu kuliko mbu.

Siku nyingine mstari utashuka. Msimu wa kiangazi mbu hupungua, joto hupanda, na watu huvikunja vyandarua. Isiwe sababu ya kuwaadhibu watoto. Hiyo ni habari, na mjumbe mwema huleta habari kama ilivyo. Wahenga walisema mjumbe hauawi.

La kufanya Jumatatu

Mwaka 2007 na 2008, watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa Tanzania Bara walikutwa na malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8. Tofauti hiyo ni vyandarua, vipimo na dawa, na ni mamilioni ya watu wazima waliokubali kubadilisha desturi ya kulala. Lakini wastani huficha mengi: Tabora na Mtwara bado ziko juu sana, wakati mikoa ya kaskazini kama Kilimanjaro na Arusha inakaribia sifuri. Mwalimu ajue mkoa wake uko wapi kabla ya kupanga.

Kama wewe ni mwalimu, usingoje 25 Aprili. Jumatatu hii waambie wanafunzi wako wachore nyumba yao, waweke alama kila mahali anapolala mtu, na waweke mduara penye chandarua. Kama wewe ni mzazi, mtoto akija jioni na daftari akikwambia mwalimu ameagiza, weka chini unachofanya, mwitikie marahaba, na muingie pamoja mkahesabu. Mkikuta mahali pasipo na mduara, kwa uwezekano mkubwa ni pale anapolala yeye.